Gavana
gavana nm (ma-) 1. mtawala wa koloni au jimbo. 2. kifaa kinachozuia mizunguko ya injini isizidi kipimo.

Maana zote mbili hukutana katika Liemba, meli iliyoshuliwa Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika injini za dizeli, kama zile ilizotiwa miaka ya 1970, gavana hupunguza mafuta pale rafadha inapoinuliwa na wimbi ikakosa maji ya kusukuma.

Kwa magari ya turbo ya mashindano, istilahi ifaayo ni kikomo cha mizunguko, ambacho hukata moto wa plagi au petroli. Kidhibiti cha kuondokea nacho ni kikomo, ila cha chini zaidi. Hufanya kazi gari likiwa limesimama, ili turbo ijenge shinikizo kabla klachi haijaachiwa. Kuviita vyote gavana kunapotosha, tena kwa hatari. Dereva anayeteremka kuelekea stesheni ya Kigoma, akaingiza gia ya kwanza kwa makosa, hatalindwa na kikomo chochote: hapo injini inazungushwa na magurudumu, si na mafuta.

Upatanisho: gavana amewasili (mtu), gavana imeharibika (kifaa).