Chiara

Chiara (hutamkwa "Kiara") ni jina la kike linalotumika hasa nchini Italia. Katika Kiswahili hujulikana zaidi kwa umbo la Klara.

Asili na matamshi

Jina limetokana na neno la Kilatini clarus (la kike: clara), maana yake "angavu" au "mashuhuri". Katika Kiitalia cha leo chiara bado ni neno la kawaida lenye maana ya "-angavu" au "-a wazi". Hata ute mweupe wa yai huitwa hivyo.

Herufi cl za Kilatini mara nyingi ziligeuka chi katika Kiitalia: clavis (ufunguo) limekuwa chiave, na clamare (kuita) limekuwa chiamare. Ndivyo Clara alivyokuwa Chiara. Katika Kiitalia, ch husomwa kama k, si kama katika neno la Kiswahili "chai". Hata hivyo umbo la Clara linatumika pia Italia.

Uenezi

Jina lilienea hasa kutokana na heshima kwa Klara wa Asizi, aliyeanzisha pamoja na Fransisko wa Asizi shirika la watawa wa kike waitwao Waklara. Alifariki tarehe 11 Agosti 1253, akatangazwa mtakatifu na Papa Aleksanda IV mwaka 1255. Hati ya kumtangaza inaanza kwa kurudiarudia neno clara, ikilinganisha jina lake na mwanga wa maisha yake. Wenye jina hilo husherehekea somo wao tarehe 11 Agosti.

Wengine hawakupewa jina hilo utotoni, bali walilichukua wenyewe kwa kumfuata mtakatifu huyo au walipoingia utawani.

Mwishoni mwa karne ya 20 Chiara lilikuwa kati ya majina waliyopewa zaidi watoto wa kike nchini Italia.

Watu wenye jina hili

* Chiara Margarita Cozzolani (alizaliwa 1602), mtawa na mtunzi wa muziki wa Milano; jina lake la awali lilikuwa Margarita
* Chiara Lubich (1920–2008), mwanzilishi wa harakati ya Wafokolari; alibatizwa Silvia
* Chiara Badano (1971–1990), mwenye heri, aliyeitwa pia "Luce", yaani "Mwanga"
* Chiara Cainero, mlenga shabaha, mshindi wa medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Beijing 2008