Mpaka wa Malaba na Mashine Itungayo Maneno

Msomaji, ukisimama Malaba ukatazama malori yaendayo Uganda, huenda ukadhani mpaka ule uliumbwa pamoja na mto. Sivyo. Hadi mwaka 1902 nchi hii, toka Busia mpaka karibu na Naivasha, ilikuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza walilikata jimbo hilo wakalitia katika himaya yao ya Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka 1920 iliitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta huku na huko: shangazi Uganda, mpwa Kenya.

Mwezi wa Novemba 2022 watu wote walifunguliwa mlango wa ChatGPT, na baada yake zikaja nyingine. Nasi tufundishao waalimu ikatubidi kurudi dawatini. Nilipokuwa nikijifunza kuitumia mashine moja ya namna hiyo, niliiuliza habari za mpaka wetu. Ikanijibu kwa Kiswahili safi kwamba uliwekwa Berlin mwaka 1885. (Kwa uzuri wa maneno yake, nusura niamini!) Mashine hii haikumbuki kama mzee akumbukavyo, hukisia neno lifuatalo kwa kufuata maandishi iliyolishwa, na ya kwetu humo ni machache.

Kosa la mtoto hukaa katika daftari moja. Mwalimu akilibeba, hulipeleka darasani kila mwaka hata astaafu. Kwa hiyo wanachuo wangu hulichukua kila jibu la mashine, wakalipima kwa vitabu, kwa ramani za kale na kwa wazee wa pande zote mbili, ndipo tukalisahihisha pamoja kwa kalamu nyekundu.