Adabu za Munadhara kutoka Baghdad hadi Samarkand

Miongoni mwa mijadala ya kifalsafa iliyovuma sana Baghdad katika karne ya 10 ni ule wa mwanasarufi al-Sirafi na Abu Bishr Matta, mfasiri wa Aristotle, uliofanyika mbele ya waziri Ibn al-Furat. Matta alidai kwamba mantiki, yaani elimu ya kupima usahihi wa fikra, ndiyo inayotenga kweli na uongo. Al-Sirafi akamsaili kuhusu matumizi ya herufi moja tu ya Kiarabu, wau, na Matta alipojitetea kuwa sarufi si fani yake, akakejeliwa hadharani. Matta alishindwa, lakini dai lake lilipimwa nusunusu tu, na hasara hiyo ilikuwa ya wote waliohudhuria.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyajua maradhi hayo ya kutafuta ushindi badala ya kweli, kwa kuwa mwenyewe alikuwa bingwa wa munadhara, yaani mjadala wa wanazuoni wenye kanuni zake. Katika kitabu chake Ihya aliandika kuwa mjadili wa kweli ni kama mtu aliyepotelewa na kitu, ambaye hufurahi kinapopatikana hata kama aliyekiona ni mwenzake.

Nasaha peke yake haikutosha, na hapo ndipo mchango wa Shams al-Din al-Samarqandi, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 13, unapostahili kuenziwa kuliko unavyoenziwa. Risala yake iligawa kazi baina ya mdai, anayebeba mzigo wa kuthibitisha, na muulizaji, ambaye aliruhusiwa kudai dalili ya hoja fulani, kuonyesha kuwa dalili iliyotolewa ina kasoro, au kuleta dalili ya kinyume chake. Muulizaji aliyekimbilia kubomoa hoja kabla mdai hajapewa nafasi ya kuitetea alihesabiwa kuwa ametenda ghasb, yaani amepora nafasi isiyo yake. Kwa hiyo heshima haikuachiwa hisani ya mtu, bali iliingizwa ndani ya muundo wa mjadala.

Waandishi wa baadaye, akiwemo Taşköprüzade wa dola ya Waosmani katika karne ya 16, walikataza kicheko, kupaza sauti na kudakia maneno kabla ya kuyaelewa. Walimwonya pia mjadili asimdharau mpinzani wake, wala asijadiliane na mtu ambaye yeye mwenyewe anamwogopa, kwa sababu mwenye hofu huacha hoja yake kabla haijajibiwa.