Waliobaki Baada ya Mtunya

Njaa ya 1917 hadi 1920 Wagogo waliipa jina: Mtunya. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita Ugogo na kuondoka na kila kitu. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza wakaingia Dodoma 1916, wakaendelea palepale. Halafu mvua zikagoma. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria walikufa watu 30,000 kati ya 150,000.

Mimi wananisumbua waliobaki. Kuna wazazi walioweka mtoto rehani ili wengine wale. Mvua ziliporudi, mama wa namna hiyo alilima tena, akasonga ugali tena, na mwanawe yuko kwa watu. Angemwambia nani? Hospitali ya Mirembe ilijengwa hapa Dodoma miaka hiyohiyo ya 1920, lakini ilikuwa ya "vichaa", siyo ya mama anayenyamaza tu jikoni.

Mathias Mnyampala, malenga wetu, alizaliwa Novemba 1917, njaa ikianza. Baadaye akaandika historia ya Wagogo, iliyochapishwa 1954. Kila nikiifungua nawawaza waliomlea: kipi walimsimulia, na kipi walikimeza?