Kwa nini wanasiasa wa zamani huvigeuka vyama vyao: mfano wa Kasese na Bwera

Katika uchaguzi wa Desemba 1980, chama cha Uganda Patriotic Movement, UPM, kilichoongozwa na Yoweri Museveni, kiliambulia kiti kimoja tu bungeni. Museveni mwenyewe alishindwa huko Mbarara. Kiti hicho cha pekee kilitoka Kasese, na aliyekitwaa alikuwa daktari kijana, Crispus Kiyonga. Miaka 35 baadaye, Februari 2016, Kiyonga akiwa waziri wa ulinzi, aliangushwa katika jimbo la Bukonzo Magharibi, lenye mji wa mpakani wa Bwera, na Atkins Katusabe wa chama cha upinzani cha FDC. Katika uchaguzi huo FDC ilizoa viti vyote vya ubunge vya wilaya ya Kasese.

Wilaya iliyompa Museveni mbunge wake wa kwanza ilikuwa imekipa kisogo chama tawala. Kiyonga, kwa upande wake, hakukigeuka chama cha NRM. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa balozi wa Uganda nchini China.

Mfano wake unafaa kutangulia kwa sababu swali la kwa nini wanasiasa huvigeuka vyama vyao lina swali jingine ndani yake: kwa nini wengine hawavigeuki? Nchini Uganda rais ndiye anayeteua mawaziri, mabalozi, washauri wake na wakuu wa wilaya. Mwanasiasa aliyepoteza kiti bado ana kitu cha kutarajia, na anayetarajia huchunga maneno yake. Kwa hiyo wengi wanaozungumza kwa ukali ni wale waliokwisha kukata tamaa ya kuitwa tena, ingawa si haki kusema kwamba wote husukumwa na njaa ya cheo.

Sheria inayofunga ulimi

Sababu isiyotajwa mara nyingi iko katika Katiba yenyewe. Ibara ya 83 inasema mbunge hupoteza kiti chake akikihama chama kilichomsimamisha na kujiunga na kingine. Mgombea huru aliyeshinda naye hupoteza kiti akijiunga na chama. Mbunge asiyeridhika hujikuta njia panda: aseme na kuondoka, au anyamaze hadi muda wake uishe. Wananchi wanaposikia mtu aliyekuwa kimya kwa miaka mitano akifoka mara tu atokapo bungeni, hudhani amebadilika ghafla. Huenda alikuwa na mawazo hayo siku zote.

Mipaka ya sheria hiyo ilijaribiwa mahakamani. Mwaka 2013 NRM iliwafukuza wabunge wanne waliokuwa wakiipinga serikali waziwazi, akiwemo Theodore Ssekikubo na Wilfred Niwagaba. Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wamepoteza viti, lakini Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo mwaka 2015: aliyefukuzwa si sawa na aliyehama kwa hiari.

Kasese ina mfano wake wa karibu zaidi, nao unatoka upande wa upinzani. Winnie Kiiza, mwakilishi wa wanawake wa wilaya hiyo tangu 2006 kwa tiketi ya FDC, aliteuliwa kuwa kiongozi wa upinzani bungeni mwaka 2016. Novemba 2017 Patrick Amuriat alimshinda Mugisha Muntu katika uchaguzi wa uongozi wa chama. Kiiza alikuwa wa upande wa Muntu. Mwaka 2018 nafasi yake bungeni alipewa Betty Aol Ochan, na Septemba mwaka huo Muntu akajitoa FDC. Kiiza baadaye alifuatana naye katika chama kipya cha ANT, na uchaguzi wa 2021 hakugombea tena.

Hapa ni vigumu kutenganisha cheo na msimamo. FDC ilikuwa imegawanyika kuhusu mbinu: kundi moja likitaka maandamano na ukaidi wa umma, jingine likitaka kwanza kujenga chama mashinani. Aliyeshindwa katika hoja hiyo alipoteza pia nafasi, na ukiangalia kwa nje huwezi kujua ni lipi lililomuuma zaidi.

Safari huweza pia kuelekea upande wa pili. Christopher Kibazanga, nduguye mfalme wa Rwenzururu, aliwahi kuwa mbunge wa FDC wa Busongora Kusini kabla ya kuingia serikalini kama waziri mdogo wa kilimo.

Ufalme ulio mzito kuliko chama

Milimani Rwenzori, chama mara nyingi ni kama koti: huvaliwa kulingana na hali ya hewa. Mwaka 1962 Isaya Mukirane na wenzake Wakonzo na Waamba walitoka katika Rukurato, baraza la ufalme wa Tooro walimokuwa wajumbe, wakilalamika kwamba watu wao wanabaguliwa. Tarehe 30 Juni mwaka huo Rwenzururu ilitangazwa kuwa taifa linalojitegemea, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda.

Serikali ya Museveni iliutambua ufalme huo mwaka 2009, na Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirane, akavikwa taji. Lakini uhusiano uliharibika, na Novemba 2016 vikosi vya usalama vilishambulia kasri la mfalme mjini Kasese. Watu zaidi ya 100 waliuawa. Mumbere alikamatwa, na mashtaka dhidi yake yaliondolewa mwaka 2023 tu.

Katika mazingira hayo mwanasiasa wa Bwera ana mabwana wawili. Makao makuu ya chama Kampala yanamtaka atetee msimamo wa chama. Wapiga kura wanamuuliza alikuwa wapi ndugu zao walipokufa. Akichagua wapiga kura, Kampala itamwita msaliti. Akichagua Kampala, atakuwa msaliti nyumbani, na kura zinapigwa nyumbani.

Chanzo kingine ni mchujo wa ndani wa NRM. Anayeshindwa humo na kuamini kwamba ameibiwa husimama kama mgombea huru, akiomba kura dhidi ya chama ambacho kadi yake bado iko mfukoni.