Askari Juu, Mpagazi Hayupo

Tunapowapeleka wanafunzi wa siasa kuzuru kumbukumbu za Dar es Salaam, uliokuwa mji mkuu wa ukoloni tangu 1891, tunaanzia kwenye Sanamu ya Askari. Ndugu wengi huipiga picha na kupita. Sisi tunauliza: nani aliisimamisha, na kwa faida ya nani?

Pale pale Wajerumani waliweka sanamu ya Wissmann, aliyevunja upinzani wa Abushiri bin Salim, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Miguuni pa Wissmann alisimama askari Mwafrika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa, na mwaka 1927 wakamweka askari peke yake juu. Je, huko ndiko kukwezwa? La! Aliwapigania mabeberu, akimlenga Mwafrika mwenzake aliyetumikia upande wa pili.

Maandishi yaliyo chini yanawataja wapagazi pia. Hao walikuwa wengi kuliko askari, wengi wao wakulima waliotolewa mashambani kwa nguvu, wakafa kwa maelfu, hasa kwa maradhi na njaa. Sanamu hawana.

Kutoka hapo tunakwenda kwa miguu hadi Mtaa wa Lumumba, ilipozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954.