Mfuo si Filimbi

Kisu cha mashine ya milingi kina mikondo iliyochimbwa, inayokizunguka kama kamba iliyosokotwa. Kiingereza huita mkondo huo kwa neno lilelile la filimbi, na anayetafsiri kwa haraka huandika "kisu chenye filimbi nne". Mwanafunzi atabaki akitafuta tundu la kupulizia. Neno tunalo: mfuo. Waingereza wenyewe hutumia neno lao la filimbi hata kwa mistari iliyochimbwa kwenye nguzo za mawe, kwa hiyo linalotajwa ni umbo, wala si muziki.

Ukingo wa mfuo hukata. Uwazi wake hutoa maranda ya chuma. Ndiyo sababu urefu wake humsumbua mwenye mashine ndogo ya mezani.

Juzi nilibana bamba la alumini kwenye jiliwa nichonge umbo la kina cha milimita 25. Kisu kilikuwa cha milimita 6, mifuo yake ina urefu wa milimita 13. Nilishuka tabaka kwa tabaka, milimita 1 kila mara. Nilipopita 13, ukuta ukaanza kung'aa kama kijiko kilichosuguliwa na mlio ukawa mkali: shina la kisu lilikuwa likisugua pale mifuo ilipokwisha kukata. Maranda nayo, yakikosa pa kutokea, yakakatwa upya na kugandia mfuoni.

Wengi hapo hununua kisu chenye mifuo mirefu. Naona wanakosea. Urefu unaochomoza ukiwa maradufu, kisu chochote hupinda mara 8 kwa nguvu ileile, na mfuo mrefu huzidisha udhaifu huo kwa kula nyama ya kiini. Mashine nyepesi haistahimili mtetemo huo. Tabaka la milimita 1 halidai mfuo wa 25. Linadai shina lisiguse ukuta. Nikalipunguza shina kwenye kinoo cha umeme, nikilizungusha taratibu, hadi milimita 5.6. Sehemu hiyo naiita shingo. Kisha nikapanua njia upande wa mabaki, nikapulizia maranda kila tabaka, na kupaka mafuta ya taa kwa brashi.

Kwa hiyo tunahitaji istilahi mbili, zisichanganywe: urefu wa mfuo, yaani sehemu inayokata, na mfiko, yaani kina ambacho kisu hufika bila kusugua. Mfiko umetokana na kufika, kama mruko ulivyotokana na kuruka. Kisu changu sasa kina mfuo wa 13 na mfiko wa 26.